Mrija wa Marion

Mpaka wa Kenya na Uganda ulipofungwa kwa sababu ya korona, Tracy alirudi kijijini Kwapa, upande wa Uganda, kwa bibi yake, amekonda na usingizi umempaa. Rafiki yake Marion, waliyeuza naye mitumba Busia, alizikwa upande wa Kenya na watu waliovaa mavazi meupe ya kujikinga, na Tracy hakuruhusiwa kuvuka hata kumlilia.

Bibi Athieno naye alizidi kunawiri. Kila mchana aliweka chungu cha malwa, pombe ya ulezi, uani, akachomeka mirija, akapanga viti vitupu, kisha akacheka navyo.

"Jaja, unacheka na nani?"

"Na wenzangu. Wamezikwa bila matanga, sasa wakanywe wapi? Kwako wewe unayenuka sanitaiza?"

"Huogopi?"

"Nimeogopa vita, nikaogopa njaa, nikaogopa ukimwi. Woga umeniisha pamoja na meno. Kaa hapa."

Tracy alikaa mkekani. Bibi alichomeka mrija mwingine, akauelekeza kwenye kiti kitupu kilichokuwa kando ya Tracy.

"Huu wa Marion. Mwambie."

"Marion, nilitaka kuja," Tracy alisema. "Walinizuia."

Upepo haukuwepo. Mrija uliinama taratibu, pombe ikakoroma ndani yake, na povu likashuka chunguni. Tracy alitaka kukimbia, lakini bibi alimshika mkono.

"Mwache anywe. Na wewe kunywa."

Akanywa, akalia mpaka machozi yakakauka, kisha akalala palepale mkekani. Bibi aliweka kidole mdomoni, akavigeukia viti.

"Ongeeni polepole, jamani. Mtoto amelala."