Mkebe wa Mchanga Mwekundu

Mtu akishaanza kumshuku mkewe, hata chai ikizidi sukari ataona kuna jambo. Kituku alikuwa amefika hapo. Miaka mingi pale Voi ametengeneza picha za mchanga unaotembea: vioo viwili vimebanwa pamoja, katikati maji, mchanga wa rangi na viputo vya hewa. Ukiipindua, mchanga unateremka polepole katikati ya viputo, unajenga milima huku unaona. Ukiipindua tena, milima mingine. Kazi yote iko kwenye hewa, inayoingizwa kwa sindano. Ikizidi, mchanga unakwama juu. Ufundi huo alimfunza mtu mmoja tu, Muinde, naye Muinde akaenda kufungua duka lake karibu na stesheni. Kituku hakumsamehe.

Sasa hoteli moja nje ya mji ilikuwa imemwagiza picha ya ukutani, kubwa kuliko zote alizowahi kutengeneza. Ikipendeza, jina lake litavuma. Ikiharibika, kazi itaenda kwa Muinde. Na wakati huo huo anasikia ati Ndila, mkewe, anaonekana dukani kwa Muinde! Akimuuliza, "Nilikuwa sokoni, Baba Shanice." Sokoni! Kisha akakuta sindano imelowa na yeye hakuwa ameigusa. Mchanga mwekundu wa Kasigau, ambao Ndila mwenyewe humwoshea mpaka maji yatoke safi, ukawa unapungua mkebeni. Ananiibia ndani ya nyumba yangu, ampelekee yule!

Mwingine angeuliza. Yeye akatega. Alichota udongo wa Voi, ule mwekundu unaong'ang'ania hata soksi, akauchanganya mkebeni bila kuuosha. Mchanga safi akauficha chini ya kitanda. "Acha apeleke," akajiambia. "Picha za Muinde zikigeuka uji, mji wote utacheka." Akawa anapita pale dukani akichungulia vioo kama mnunuzi. Maji safi kabisa! Akarudi nyumbani amenuna.

Picha ya hoteli ilipokwisha, akaiacha itulie kama kawaida kabla ya kupinduliwa, akaenda kunyolewa. Kurudi, gari la hoteli limewahi kufika na Ndila ameshaifunga picha kwa blanketi. Hapakuwa na nafasi ya kuijaribu. Wakapanda gari wote wawili.

Hotelini, meneja, mama mmoja aitwaye Carolyne, akaita wafanyakazi wote waje waone. Picha ikapachikwa ukutani kwenye fremu inayozunguka, akaipindua mwenyewe. Milima ya Taita ikaanza kujijenga, watu wakasema "Eeeh!" Halafu wekundu ukapanda kutoka chini, ukatanda, mpaka kioo chote kikawa kama maji ya mtaro baada ya mvua. Watu wakaangua kicheko.

Kituku alijua papo hapo. Akamgeukia Ndila, kumbe Ndila ameshasonga mbele.

"Nisamehe, madam. Ni mimi. Niliongeza mchanga asubuhi bila kumwambia. Mzee hana makosa."

"Basi mama, usiguse tena kazi ya mzee," Carolyne akasema kwa hasira. "Atengeneze nyingine, peke yake."

Neno moja la Kituku lingetosha. Akanyamaza, mwanamume mzima!

Walipofika nyumbani akaketi mezani na vioo vipya, akashika sindano. Mkono ukatetemeka, hewa ikaingia nyingi, mchanga ukakwama. Akajaribu tena, ukatetemeka zaidi. Ndila alikuwa kwenye kochi akichambua maharagwe.

"Mkono huo umeanza tangu Pasaka," akasema bila kuinua kichwa. "Kila picha uliyofunga tangu hapo ilikuwa na hewa nyingi. Nilimwomba Muinde anifunze kuitoa, niwe nazirekebisha ukiwa nje, usione aibu. Nikitoa hewa, nafasi inabaki, najaza mchanga wa mkebeni."

Kituku aliona haya mpaka masikio yakawaka. Na yeye alikuwa amemtegea udongo mtu huyu.

"Njoo basi unishikie sindano, Mama Shanice."

"Ule mchanga niliuosha mimi kwa mikono yangu. Udongo haukuruka ukaingia mkebeni." Sasa alikuwa akimtazama. "Rudi hotelini umwambie yule mama, mbele ya wale wale, ni nani aliyeuweka. Ukirudi nitakushikia."

"Leo?"

"Leo. Wakati bado wananicheka mimi."