Makaburi ya Ukuta Mbovu

Katika vibao vyote alivyovisimamisha, Harub bin Marhoun alikipenda kimoja. Kilikuwa nje ya mji wa Sur, njia ya kwendea Ras al Hadd, kando ya ukuta mbovu wa zamani. Kiliandikwa kwa Kiarabu safi: hapa Wareno walifanya makaazi yao ya kwanza katika pwani hii, na hapa wamezikwa. Ofisi yake ya Nizwa ndiyo iliyoshughulikia mambo ya kale, na maneno aliyatunga yeye mwenyewe. Kwa mtu aliyekuja kutoka Unguja akachekwa kwa Kiarabu chake, hilo halikuwa dogo. Alijiona kafika.

Siku hiyo ya mwaka 1984 alikuwa anampeleka mama yake, Bi Turkiya, kuzuru kaburi la Azza. Azza, dada yake Harub, alifariki kwa homa mwaka 1972, siku ya tatu tu baada ya yeye na mama yake kushuka Sur kutoka Unguja. Harub alikuwa Misri akisoma. Bi Turkiya akachukuliwa na jamaa hadi Nizwa, na tangu hapo kila mwaka alimwomba mwanawe ampeleke. Kila mwaka aliambiwa mwakani. Hadi alipokuja kukubali, macho ya mama yalikuwa yamebaki kuona vivuli tu, na aibu hiyo ni ya Harub, hana wa kumsingizia.

"Mama, hapa pana kibao changu," alisema akipunguza mwendo. "Penye ukuta mbovu."

"Basi simama. Tumefika."

Harub alicheka. "Si hapa, mama. Haya makaburi ya Wareno."

"Nilikaa garini nikawatazama wakimtia mwanangu udongoni penye ukuta huo, leo unambia si hapa?"

Akateremka, akapapasa chini. "Yako wapi mawe? Azza aliwekewa matatu, kama wanavyowekewa wanawake huku."

Mawe yote yaliyokuwa pale Harub aliwaamuru mafundi wayakusanye, wakayajengea kwa saruji chini ya kibao, ili kipendeze. Alimwambia mama yake ukweli. Kwa hilo tu tumsifu. Bi Turkiya akashikwa mkono mpaka kwenye kibao, akayapapasa mawe moja moja.

"Yepi yake?"

"Sijui, mama."

"Nani alokwambia hapa wamezikwa Wareno?"

Alikuwa mzee mmoja wa pale. Harub alimuuliza makaburi ni ya nani, mzee akamjibu neno moja tu: ghurabaa, wageni. Ukuta ulisemekana wa Wareno, makaburi ya wageni, Harub akaunganisha mwenyewe. Hakuuliza tena, kwa kuogopa kuonekana Kiarabu hakijui.

Bi Turkiya hakupiga kelele. Heri angepiga.

"Tulishuka watu kumi na mmoja, wakafa wanne," alisema. "Na kwa watu wa hapa jina letu lilikuwa hilohilo, wageni. Miaka yote unakaa nchi hii, Harub. Ukisikia neno mgeni, ulikuwa ukidhani anasemwa nani?"

Akamwambia Harub aende zake garini. Yeye alibaki peke yake, mkono juu ya saruji, akimsomea Azza Yasini chini ya jina la Wareno.