Mnyororo wa Nyuma ya Jiko

Kabla hawajajenga lile banda, baiskeli zetu zote zilikuwa kwenye mnyororo mmoja. Ofisi ni ghorofa la vioo, na nyuma yake, upande wa jiko, kuna bomba nene la maji linaloshuka ukutani. Hapo ndipo tulipofungia. Mnyororo ulikuwa mrefu na mzito, wa kukazia magogo kwenye lori. Marehemu mume wangu aliupata zamani za utingo wake. Ulipita kwenye baiskeli ya Mpishi, ukaingia ya mtunza bustani, ukaja ya mlinzi, ukamalizia kwangu na kurudi kwenye bomba. Kufuli moja. Ufunguo ulining'inia kwenye msumari ndani ya stoo yangu ya mafagio, maana stoo hiyo haikuwa na siri na kila mmoja wetu aliweza kuifikia. Anayetoka mapema anafungua, anatoa yake, anawafungia wenzake. Hakuna aliyetuandikia sheria hiyo. Mtu aliweza kusahau kofia yake, akasahau na chakula chake jikoni, lakini kuwafungia wenzake hakusahau.

Kwa mpangilio huohuo wa mnyororo ndivyo nilivyowataja jioni nikipiga magoti. Mpishi, mtunza bustani, Sajini, kisha mimi na wanangu. Sajini ndiye mlinzi. Tulimwita hivyo kwa ajili ya koti lake la kijeshi, ingawa jeshi lenyewe aliliona kwenye gwaride tu. Jumapili tulikaa benchi moja ibadani, yeye upande wa dirishani.

Baiskeli yangu ilikuwa ya mume wangu. Nyeusi, ya kiume, ile yenye chuma cha juu kinachomlazimu mwanamke kukusanya gauni lake kabla ya kupanda. Karia ya nyuma alikuwa ameifunga mwenyewe kwa mipira ya tairi kuukuu, na mafundo yale sikuwahi kuyafungua. Nilijifunza kuiendesha nikiwa mjane tayari, mtu mzima mwenye goti bovu, binti yangu akinishikilia kwa nyuma huku akicheka mpaka anaiachia.

Kazi ya usafi huanza kabla magari ya abiria hayajaamka. Wenye ofisi wakiingia, wakute sakafu imeshakauka. Kutoka kwetu kwa miguu ni lazima utoke giza likiwa zito, upite njia ya machimbo ya mawe, na ile njia mwanamke hapiti peke yake. Kwa baiskeli unaipita kabla mtu hajajua ni nani. Kwa hiyo nilijua, bila kuambiwa na yeyote, kwamba siku nikiikosa baiskeli, na kazi nimeikosa.

Basi wakajenga banda. Afisa Utawala, kijana mpole anayenukia vizuri, alituambia wageni wa makao makuu wanataka kuona wafanyakazi wakija kazini kwa baiskeli. Likasimama mbele, karibu na geti: wavu wa chuma pande zote, paa, vyuma vya kusimamishia magurudumu, pampu ya kukanyaga kwa mguu, kamera kwenye kona. Pembeni wakaweka mabafu ya maji moto na makabati ya nguo.

"Baiskeli yangu italala pazuri kuliko mimi," alisema Mpishi siku tuliyokwenda kuchungulia. "Nikigombana na mume wangu nahamia humu."

"Na yeye?"

"Yeye abaki na watoto wake. Mimi naoga maji moto."

Siku ya kupiga picha Afisa aliwataka wanawake wanaokuja kwa baiskeli. Mpishi akakataa, akasema kamera inamnenepesha. Nikabaki mimi. Wakanivisha kofia ngumu ya plastiki iliyonikaa kama bakuli, wakanisimamisha na baiskeli ya mume wangu, wakasema tabasamu, mama. Nikatabasamu. Picha ikatoka kubwa kama mlango, wakaitundika kwenye lango la banda. Binti yangu alipoiona aliuliza kama nimegombea udiwani.

Kisha wakagawa kadi. Kadi unaigusisha kwenye kidude cha mlangoni, kinalia, lango linaachia. Mpishi akapewa, mtunza bustani akapewa, Sajini akapewa. Nikangoja siku kadhaa, maana sipendi kuonekana nina haraka, ndipo nikamfuata Afisa kwenye ngazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kadi yangu naona imechelewa."

Akaangalia simu yake. "Kadi ni za waajiriwa wa kampuni, mama. Nyinyi wa usafi mko chini ya wakala."

"Lakini pale mlangoni ni mimi."

"Ile picha ni ya kampuni," alisema, kwa upole kabisa. "Nitalifuatilia."

Kulisafisha banda, hata hivyo, kuliingia kwenye kazi zangu. Kila asubuhi Sajini aligusisha kadi yake, nikaingia na ndoo, nikadeki kati ya magurudumu ya watu, nikasugua mabafu, nikatoa nywele kwenye mifereji. Nikimaliza ananifungulia tena nitoke.

Mpishi alinihurumia. Kwa muda alikuwa akifungua na kadi yake, anaingiza ya kwake, na mimi naingiza yangu nyuma yake. Asubuhi moja nilimkuta ananingoja nje ya lango, haniangalii usoni.

"Shoga, nimeitwa. Wametuona kwenye kamera. Kadi moja, baiskeli moja."

"Wamekugombeza?"

"Hawa hawagombezi. Wanakuuliza kama kazi yako unaipenda."

Nikamwambia asijisumbue, nikaisukuma baiskeli mpaka nyuma ya jiko. Mnyororo uliokuwa unatosha watu wote sasa ukawa wangu peke yangu. Niliuzungusha kwenye fremu, kwenye karia, kwenye bomba, na bado ukabaki mwingine wa kuburuta chini. Ufunguo niliurudisha msumarini. Sikukaa nikalifikiria. Sajini alikuwa bado anaingia stoo kuchukua kopo la kunawia uso, na kuutia ufunguo mfukoni kungekuwa kama kumwambia nimeanza kumhofia.

Siku moja kabla ya wageni tulifanya usafi wa kufa mtu. Mchana wote nilikuwa ghorofa za juu na vioo. Niliposhuka kwenda kuchukua baiskeli, mawingu yalikuwa yameshuka na upepo unabeba karatasi. Nikazunguka jiko.

Baiskeli haikuwepo. Mnyororo ulikuwepo. Ulikuwa umezungushwa bombani mviringo kwa mviringo, ncha yake imechomekwa ndani vizuri, na kufuli imefungwa. Nilisimama pale na tone la kwanza la mvua likanigonga shingoni. Mwizi akishaiba harudi kufunga kufuli. Na tena kufuli ilikuwa imegeuzwa, tundu la ufunguo linatazama ukuta. Mpishi huiacha inabembea. Mtunza bustani, kwa kuwa hufunga amechuchumaa, huiacha chini karibu na sakafu. Mtu wa kuigeuzia ukutani, ili mvua isiingie, alikuwa mmoja tu, na aliwahi kunifundisha na mimi, nikawa nasahau.

Sajini akatokea kwenye kona. "Kuna nini, mama?"

"Baiskeli haipo."

Akashika kichwa. Akazunguka mapipa ya taka, akainama chini ya ngazi, akamuuliza mtunza bustani kwa sauti ya juu kama hakuona mtu. Alisema wezi wa siku hizi hawana haya hata kwa mjane. Alipiga kelele kuliko mimi mwenye mali. Nilimwangalia tu. Nilitaka kumwachia nafasi ya kusema, na nilimwachia mpaka getini, ambako alinifungulia, akaniambia Mungu atajibu.

Asubuhi yake mkwe wangu alinisindikiza njia ya machimbo. Mkwe hawezi kukataa, na mimi siwezi kumwomba kila siku. Tulitembea yeye mbele na tochi, mimi nyuma na kanga yangu ya kichwa. Getini Sajini alikuwa ndani ya kibanda chake.

"Umeamkaje, mama?"

"Nimeamka kwa miguu."

Akachekacheka. Mimi sikucheka.

"Sajini, kufuli uliielekeza ukutani."

Akafunga kifungo cha koti, akakifungua tena. "Mvua ilikuwa inakuja," alisema.

Akajua mwenyewe kwamba ameshasema.

"Afisa alitaka pale nyuma pawe peupe," akaendelea, sauti imeshuka. "Wageni watapita kuona jiko. Alisema toa vyuma vyote, na lori la vyuma chakavu lilikuwa limeshawasha injini."

"Hukumwambia ni ya nani?"

"Nilimwambia. Akasema mama aiweke kwake, hapa siyo gereji."

"Ungeisogeza bandani."

"Kadi yangu, mama, wanaiona kwenye—"

"Kadi yako hunifungulia kila asubuhi nikiwa na ndoo."

Akaitazama meza. "Nina watoto."

"Na mimi nimezaa."

Nilikuwa nimemaliza, nikapiga hatua kwenda stoo. Ila kulikuwa na kitu kimoja kilichonikesha, nikageuka.

"Kwa nini ulifunga?"

"Kufunga nini?"

"Mnyororo. Baiskeli umeshaitoa, umeshaipandisha lori. Ukarudi kuufunga. Ulikuwa unafungia nini?"

Aliangalia mkono wake wa kulia kama wa kuazima. "Mkono umezoea," alisema.

Wageni walifika jua limepanda. Kabla yao alikuja Afisa, anatembea upesi, shati jeupe.

"Shikamoo mama. Utasimama hapa chini ya picha, na baiskeli yako. Usiseme kitu, wewe tabasamu."

"Haipo."

"Iko wapi?"

"Ulikoipeleka."

Nilimwona amri yake ikimrudia kichwani. Akasema tutaliangalia hilo baadaye. Wakati huohuo Sajini alikuwa ameshaingia bandani na kutoka na baiskeli yake. Alinisukumia usukani, macho chini. Ningeupokea, yangeisha. Najua hilo. Angejiona ameninunulia kitu, na mimi ningejiona nimelipwa.

"Siyo yangu," nilisema.

"Ni kidogo tu, mama," alisema Afisa. "Ni picha tu."

"Mwanangu, huo ni uongo wa kusimama wima. Hata ule wa kukaa siuwezi."

Akamwita Mpishi. Mpishi akaja amevaa aproni, akashika baiskeli yake, akasimama chini ya sura yangu iliyovaa bakuli. Aliponipita alininong'oneza, "Nisamehe, shoga, wameshaniuliza kama naipenda." Nikamwambia anyooshe mgongo, kamera isimnenepeshe. Alitaka kucheka, ikamshinda.

Mimi nilikuwa pale pale pembeni ya lango, nasukuma maji ya mvua yaendee mfereji. Wageni wakagusa wavu, wakabonyeza pampu, wakasifu. Mmoja wao, mtu mzima mwenye miwani, alisimama mbele ya picha akaiangalia kwa muda.

"Na huyu mama yuko wapi? Ningependa kumsalimia."

"Leo hayupo kazini," alisema Afisa.

Yule mgeni akasema ni bahati mbaya. Akapiga hatua kuingia bandani, akaniona na ufagio wa maji, akainua kiatu chake kwa adabu ili nipitishe. Nikapitisha.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kama yanavyokwenda. Mkwe wangu alipata kibarua cha zamu, hakuweza tena kunisindikiza. Nilimwomba msimamizi wa wakala niingie kukikucha, akasema kukikucha sakafu inatakiwa iwe imekauka. Nikachelewa, nikachelewa tena. Wakamleta mwanamke mwingine, mdogo, anayekaa jirani na ofisi. Nilimwonyesha wapi nilipokuwa naficha sabuni nzuri.

Siku ya mwisho nilikwenda nyuma ya jiko nikaufungua mnyororo. Ulikuwa wa mume wangu. Niliuviringisha begani, na uzito wake ukanishusha upande mmoja kama mtu aliyebeba mtoto mkubwa. Sajini alikimbia kutoka kibandani, akasema nimpe anisaidie hadi barabarani.

"Fungua geti," nilimwambia.

Akafungua. Nikatoka chini ya ile picha. Wameiacha, imeanza kupauka kwenye mashavu.

Jumapili tunakaa benchi lilelile. Yeye dirishani. Jioni nikipiga magoti bado nawataja kwa mpangilio walivyofungwa. Nampitia Mpishi, nampitia mtunza bustani. Nikifika kwa Sajini ulimi unasimama. Mungu anajua ninalotakiwa kusema hapo, nami nalijua, na tunangojana. Mpaka leo sijalisema.