Orville Skogland na Boti Isiyo na Kasoro

Orville Skogland hakuwa na boti, lakini katika klabu yetu hakuna aliyejua boti kumzidi. Hilo alilisema mwenyewe, na alilisema mara nyingi hadi tukachoka kubisha. Kila Jumamosi mvua ikipungua alikuja bwawani hapa Kent, kusini mwa Seattle, na kiti chake cha kukunja na chupa ya kahawa, akaketi pale pale tunapotia boti majini, akatueleza tulikokosea.

Boti zetu ni za mbio, za kubebwa kwapani, na tunaziendesha kwa rimoti. Zikishika kasi huinua tumbo zikateleza juu ya maji, nyuma zikirusha mkia mweupe mrefu kuliko gari. Tunaziiga zile kubwa zinazoshindana ziwani Seattle kila Agosti. Ukitaka yako unanunua boksi la vipande, unakwenda kuunda nyumbani. Kwa hiyo kila mgeni huanza kwa swali moja: ninunue boksi lipi? Na kila mgeni, kwa bahati yake mbaya, alimkuta mtu mmoja tu asiye na kazi mkononi.

Remedios Abad alikuja mwanzo wa vuli. Alikuwa amestaafu upishi wa hospitali. Alitusimulia kwamba kila Agosti alisikia ngurumo za boti kubwa kupitia dirisha la jikoni, huku akikoroga supu ya wagonjwa isiyo na chumvi, na hata mara moja hakupata ruhusa ya kwenda kuzitazama. Sasa alitaka ya kwake. Iwe ndogo, lakini ingurume.

Alianza kwa kupenda boksi la plaiwudi. Orville akatikisa kichwa kwa huruma, kama daktari mwenye majibu mabaya. Mbao hunywa maji, akasema, na kwa mvua za huku atakuwa anaendesha sifongo. Wiki iliyofuata Remedios akaleta picha ya boti ya faibaglasi. Akaambiwa hiyo haina roho, ni beseni lenye injini. Akachagua mtindo wa kizamani, wenye pua ya mviringo. Orville akasema unafanana na mkate. Akachagua wa kisasa, wenye pua mbili kama uma. Akasema huo ni wa watoto wasio na subira. Krismasi ikapita. Remedios alikuwa na rimoti, rangi, na hata jina la boti. Alichokosa ni boti.

Tulijaribu kumwokoa. Dell Pruitt, mwenyekiti wetu, alimnong'oneza anunue lolote, aunde, aharibu, aunde tena, kwani ndivyo tulivyojifunza sote. Lakini Orville alikuwa na sauti ya mtu aliyebuni mabawa ya ndege. Na kiwanda cha ndege alikifanyia kazi kweli, idara ya kununua karatasi na kalamu. Hakuwahi kumdanganya mtu. Aliwaacha tu wajidanganye.

Februari, Remedios akasimama mbele ya kile kiti.

"Mzee Orville, na wewe ya kwako uliunda ipi?"

Ghafla sote tukawa na skrubu za kukaza. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza. Watu wa huku tuna adabu sana. Mtu akijiaibisha tunampisha aendelee.

"Iko nyumbani," Orville akasema. "Imebaki kidogo tu."

"Basi nitakuja kuiona."

"Gereji imejaa, dada yangu. Hakuna pa kuweka mguu."

"Miguu yangu midogo."

Akaenda kweli, tena na sinia la lumpia, zile sambusa za kuviringisha za kwao, maana kwao haiendwi nyumba ya mtu mikono mitupu. Orville alikuwa ameenda kwa kinyozi. Mlango ulifunguliwa na Arlys, mke wake, mwanamke mrefu asiye na maneno mengi. Akapokea sinia, akasikiliza haja ya mgeni, akacheka hadi akaegemea ukuta. Kisha akampeleka gereji.

Ilijaa maboksi, sakafu hadi dari. Ya plaiwudi, ya faibaglasi, yenye pua ya mkate, yenye pua ya uma, na hakuna lililokatwa utepe. Katika lile la chini kabisa panya walikuwa wakilea wajukuu. Meza ya kazi ilikuwa safi kama madhabahu, na gundi ilikuwa imekaukia ndani ya chupa.

"Kila akileta moja, anasoma mahali kwamba kuna jingine bora," Arlys akasema. "Alipoanza, binti yetu alikuwa bado shuleni. Sasa ana watoto."

Remedios akauliza kwa nini basi asifungue hata moja. Arlys akapangusa vumbi juu ya boksi moja.

"Anaogopa. Boksi likiwa limefungwa, kosa ni la kiwanda. Ukilifungua, kosa ni lako." Akayatazama yale maboksi. "Chukua moja, mwenzangu. Nikiulizwa nitasema panya."

Mchagua jembe si mkulima, na Remedios alikuwa ameshachoka kuchagua. Akabeba lililokuwa karibu na mlango. Lilikuwa la plaiwudi, na pua yake ya mkate.

Orville hakuuliza kitu. Kuuliza kungemlazimu kuyataja yaliyobaki.

Boti iliundwa juu ya meza ya kulia chakula. Remedios aligandisha mkono wa sweta kwenye sitaha, akapiga msasa hadi akatoboa, akaziba, akapaka rangi ya manjano kwa brashi ya kupakia keki mayai. Siku ya kwanza majini ilizunguka kama mbwa anayefukuza mkia wake. Siku ya pili ilipinduka. Katika mbio za Juni, mbili ziligongana kona ya kwanza, moja ikiwa yangu, na injini ya Dell ikazimika. Remedios akawa wa tatu kati ya watatu waliosalia. Angeweza kuwa wa pili, lakini kwenye kona ya mwisho alikuwa amefumba macho, anaisikiliza.

Siku hiyo alikuwepo mgeni, mtu wa posta, akaulizia ile boti ya manjano.

"Nilimshauri mimi," Orville akamwambia. "Tulihangaika naye majira yote ya baridi."

Remedios alikuwa akipita na boti yake inayochuruzika. Sisi alikuwa ametusimulia habari za gereji, basi tukasubiri aitaje. Hakuitaja. Alisimama tu, akamwekea Orville boti mapajani, juu ya suruali yake nzuri.

"Nishikie, mzee. Nakwenda chooni."

Orville aliishika kama mtu aliyepewa mtoto wa watu aliyelowa, asijue mikono iende wapi, hadi yule wa posta akainama kumsaidia. Boti ikatulia. Kidole gumba cha Orville kikakuta uvimbe wa gundi ubavuni, kikapita juu yake taratibu, kikarudi, kikapita tena. Hakuwa na haraka ya kuirudisha.

Kisha akamwambia mgeni kwamba hapo msasa haukutosha.