Rosa Hazikwi Akiwa Wazi

Pale Nyakitonto mkono wa Theodosia ulijulikana. Alihasi mabeberu, alitumbua majipu, na watoto wenye degedege aliwachanja chale ndogo, zile wanazoziita indasago, akazipaka dawa. Watu walisema wembe wake hauumi. Uliuma, ila alikata mara moja tu, hakurudia.

Masika ya mwaka jana Rosa, mke wa Reverien, alishikwa na uchungu shambani. Walimpakia kwenye bodaboda kumpeleka hospitali Kasulu, lakini njia ilikuwa tope tupu, na walipofika mtoni daraja lilikuwa limefunikwa na maji. Akafia pale kando, mtoto akiwa bado tumboni.

Mwili uliporudishwa nyumbani, mama mkwe wake alisema kaburi lisichimbwe kwanza. Kwa mila ya ukoo wao, mama na mtoto aliye tumboni hawazikwi pamoja. Ukiwazika hivyo, wanawake wa nyumba ile hawatazaa tena. Katekista alisema Kanisa haliagizi jambo hilo, kisha akawaachia wenye msiba waamue. Wazee wakamtuma Reverien kwa Theodosia, akamwombe aje amtoe mtoto.

Theodosia alikataa. Alisema yeye hukata ili mtu apone, na Rosa hakuwa na cha kupona. Reverien hakubishana. Alikaa kwenye gogo mlangoni, suruali yake ingali na tope la njiani.

"Mambo ya ukoo ni yao, mama," alisema mwishowe. "Mimi nataka nimwone mtoto wangu."

Theodosia akainuka, akachukua wembe mpya.

Chumbani alimolazwa Rosa alibaki yeye na mama mkwe aliyeshika beseni. Alikata polepole, kwa uangalifu ambao hata walio hai hakuwahi kuwapa. Akamtoa mtoto wa kike, viungo vyote vimetimia, nywele nyingi. Alimfuta, akamfunga kitenge, akampa baba yake mlangoni. Reverien alimpakata mpaka wazee walipomwambia inatosha.

Ndani, Theodosia alitunga uzi kwenye sindano. Mama mkwe akamwambia asijisumbue. Rosa angevikwa gauni, nani angeona?

"Hazikwi akiwa wazi," Theodosia alijibu, akamshona hadi mwisho.

Tangu hapo hakuna aliyemletea mtoto wala mbuzi. Walimsalimia vizuri, wakapita. Mkono uliopasua maiti, walisema pembeni, haufai kugusa damu ya walio hai. Hata yule aliyeshika beseni alisema hivyo.

Wakati wa kuvuna maharage, Reverien alikuja. Hakuwa amekanyaga pale tangu msiba. Alisema sura ya mtoto inamtoka; kila akijaribu kuikumbuka, anaona kitenge tu. Akauliza alifanana na nani.

Theodosia angeweza kumwambia lolote. Alimwambia alichokiona.

"Paji la uso lilikuwa lako, mwanangu. Mdomo wa Rosa. Masikio sikuyaangalia."

Reverien akaketi chini, akaegemea ukuta, akalia. Theodosia akaendelea kupura maharage yake karibu naye, maana hakuwa na kingine cha kumfanyia.