Sentensi ya Waziri

Katika bonde letu lote la Cwm Hesgog, hapa Wales, kuanzia kanisani mpaka uwanja wa raga, hakuna mtu aliyewahi kuahidiwa jambo na Macsen Prosser akalikosa. Macsen Prosser ni mimi. Mbunge ni Mheshimiwa Heulwen Treharne; mimi ni msaidizi wake wa jimboni. Yeye ana kura, mimi nina majibu.

Ijumaa ni siku ya kusikiliza watu, kwenye chumba cha nyuma cha kanisa, penye harufu ya makoti mabichi na chai iliyochacha. Ijumaa moja ya Februari aliingia Elfed Pugh, ambaye sisi tunamwita Elfed Mikate. Huku mtu huzikwa na jina la kazi yake, na huyu alituokea mikate mpaka mgongo ukagoma.

"Heulwen, mwanangu," akasema, "ukuta umeingia jikoni."

Ukuta wenyewe ni ule unaozuia mlima usilale juu ya Mtaa wa Bethania. Ulijengwa na wenye mgodi, na wenye mgodi wamekufa pamoja na mgodi wao. Sasa umevimba nyuma ya nyumba ya Elfed kama tumbo la mtu aliyekaa bungeni vipindi vitano. Mheshimiwa alishaandika Cardiff, kwenye serikali yetu ya Wales. Cardiff wakasema mgodi ulikuwa wa London. Akaandika London, London wakasema mlima ni wa Cardiff. Mlima haukuandikiwa na mtu yeyote, ukaendelea kushuka.

"Halmashauri wamenipa chumba mjini," Elfed akasema. "Chumba kizuri tu, cha chini, hakina ngazi. Wanataka jibu Jumatatu baada ya wiki ijayo. Nikikikataa anapewa mwingine, na hakuna kingine. Lakini mke wangu Olwen alifia mle nyumbani mwetu, na mimi sitaki kufia mahali ambapo sijui swichi ya taa iko wapi. Niambieni tu: watautengeneza ule ukuta au hawautengenezi?"

"Mzee, hilo niachie mimi," nikasema.

Mheshimiwa akanitazama jicho la kunifunga mdomo. Nililiona. Maneno yalikuwa yameshatoka.

Bahati ikatuangukia: wiki iliyofuata Mheshimiwa alipata hoja ya kuahirisha Bunge. Kikao kikishakwisha, mbunge mmoja hupewa nusu saa aseme shida ya kwao na waziri mmoja amjibu. Nusu saa ikiisha, imeisha, hata kama mtu yuko katikati ya neno. Tukaenda London, mimi nimebeba faili na sandwichi.

Ilikuwa Alhamisi jioni, saa ambayo wabunge wenye akili wameshapanda treni. Mheshimiwa aliposimama, viti vya kijani vilikuwa vitupu kama kanisa letu Jumapili ya kawaida. Alikuwepo waziri, mwenzake wa kumsindikiza, na mbunge mmoja wa kaskazini mwa Wales ambaye nilidhani amekuja kutuunga mkono.

Mheshimiwa alisema vizuri. Alimtaja Elfed, akautaja ukuta, akauliza swali moja tu: nani atautengeneza? Mara yule wa kaskazini akainuka, akaomba nafasi kidogo. Kumnyima Mwelshi mwenzako nafasi mbele ya Waingereza ni aibu, watu wa kwao wangelisimulia mpaka wajukuu. Mheshimiwa akampa. Yule bwana akazungumzia shakwe wa mji wake, ndege wa pwani wanaopora watu chipsi. Akaketi, akainuka tena. Kulikuwa na jambo lingine kuhusu shakwe.

Ndipo waziri akasimama. Akasifu kwaya zetu. Akasifu raga yetu, sifa iliyothibitisha kwamba haifuatilii. Akaeleza kwamba bibi yake alipata kupumzika Tenby, kwenye pwani yetu, kiangazi kimoja na mvua haikunyesha. Akaeleza ni milima ipi ni ya nani. Mimi huku pembeni naitazama saa, nakula kucha. Mwishowe akafungua ukurasa mwingine, akasema, "Hata hivyo, kuhusu ukuta wa Mtaa wa Bethania, serikali iko tayari..."

Aliyekalia kiti cha Spika akainuka. Muda umekwisha, Bunge limeahirishwa. Waziri akakunja karatasi zake na kutoka kwa mlango wa nyuma.

"Tayari kufanya nini?" nikamuuliza Mheshimiwa ukumbini.

"Sijui, Macsen. Nitamtafuta kesho. Na wewe ukifika nyumbani usimwambie mtu kitu mpaka nimpate. Umenisikia?"

Nilimsikia. Kesho yake waziri akahamishiwa wizara ya mambo ya samaki, na aliyeingia mahali pake akajibu kwamba mlima ni wa Cardiff. Mheshimiwa aliomba hata zile karatasi. Akaambiwa zimeondoka na mwenyewe.

Mimi Jumamosi nilikutana na Elfed nje ya duka la magazeti. Amevaa tai, maskini, ya kusikilizia habari.

"Haya kijana, alisemaje mkubwa?"

Sasa, ungefanyaje? Mtu amevaa tai. Na sentensi ilikuwa imebaki kidogo tu.

"Alisema serikali iko tayari kuutengeneza," nikasema. "Nilikuwepo, nimesikia kwa masikio yangu. Bunge zima kimya."

Akanishika mkono kwa mikono miwili.

Jumapili ya pili yake, baada ya ibada, tulikuwa kwenye chai. Mvua ilikuwa imenyesha tangu Alhamisi. Elfed alikuwa amezungukwa na watu, anawasimulia maneno ya waziri wangu, na kila aliyepita ananiwekea kipande kingine cha keki kwenye sahani. Nilikuwa na vitatu. Morfydd Organi, anayetupigia kinanda, alikuja na birika.

"Kwaya ya akina mama tulikuwa London wiki ile," akaniambia huku akimimina. "Tukasema tukakuone kijana wetu kazini. Tulikaa juu, kwenye viti vya wageni, nyuma ya kile kioo. Ulikuwa unakula kucha."

"Kumbe? Mngenipungia mkono, mama."

"Tulipunga. Hebu nimalizie ile sentensi ya waziri, mwanangu. Sisi tulikatiwa pale kwenye 'tayari'. Wewe ulisikilizia wapi iliyobaki?"

Keki ilikuwa mdomoni, haiendi mbele wala nyuma.

Elfed aligeuka taratibu. "Alikatiwa vipi, Morfydd?"

"Saa iliisha, Elfed. Alifunga karatasi akaenda zake. Hakusema tayari kufanya nini."

"Lakini mimi chumba nimeshakikataa," Elfed akasema. "Nilikwenda mwenyewe Jumatatu, nikawashukuru. Ijumaa nimeona mtu anaingiza kitanda."

Akanitazama. Hakuwa na hasira, afadhali angekuwa na hasira. Alikuwa anangoja, kama wote waliokuwamo, na Morfydd na birika lake, nimeze nijibu.