Kidevu cha Mkuu wa Kambi

Siku ile mjinga alikuwa mkuu wa kambi, na mwenyewe hakatai. Ukimchokoza leo atakwambia, "Nilikuwa mpumbavu mwenye cheo, na huyo ndiye mbaya zaidi." Ila siku yenyewe alijiona mjanja kupindukia.

Kambi ilikuwa shule ya msingi kabla ya vita. Serikali ilipokorofishana na nchi jirani, raia wa jirani walisombwa hata kabla risasi ya kwanza haijalia: mwoka mikate, fundi viatu, bibi mmoja aliyekuja kuwatembelea wajukuu. Wakalazwa madarasani, chini ya mbao zenye hesabu za kujumlisha ambazo hakuna aliyezifuta. Langoni walisimama walinzi wawili na bunduki zisizo na risasi, maana risasi zote zilipelekwa vitani. Hiyo ilikuwa siri kubwa ya kambi. Waliijua mahabusu wote.

Kitu chochote chenye makali kilipigwa marufuku. Bibi wa watu alinyang'anywa hata kikata kucha chake. Lakini mkuu alikuwa na ngozi yenye maringo: akinyolewa na mtu asiyeijua, kidevu kinafumuka vipele kama ganda la fenesi. Mkono mmoja tu uliielewa ngozi ile, nao ulikuwa mkono wa adui, mahabusu aliyeitwa Kinyozi. Basi kila asubuhi mkuu alifungua saraka ya meza yake, akatoa wembe, akamkabidhi adui kwa mikono miwili, kisha akalaza kichwa nyuma, akafumba macho. Siku nyingine alikoroma.

Asubuhi hiyo jopo la kuwaachia mahabusu lilikuwa linakuja. Asiye hatari kwa taifa angerudi kwake. Kinyozi alipaka povu polepole.

"Mzee," akasema, "leo si utanisemea neno jema? Mke wangu ni mwenyeji wa hapa hapa. Binti yetu alizaliwa nikiwa humu. Siku hizi anatembea, na mimi namshika kidole kupitia seng'enge."

Mkuu hakuweza kufungua kinywa, wembe ulikuwa juu ya mdomo wake. Akaguna, "Mmh." Kinyozi akalipokea guno lile kama kiapo.

Masikini, hakujua kwamba Jumamosi jenerali alikuwa anakuja kukagua kambi, na mpiga picha wa gazeti nyuma yake. Mkuu alikuwa ameshajiona ukurasa wa mbele, kidevu kinang'aa, cheo kipya begani. Kinyozi akienda zake leo Alhamisi, Jumamosi litaonekana fenesi gazetini.

Jopo likaketi darasa la pili. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja, hakimu mstaafu, aliyebanwa na kiti cha mtoto bila kupungukiwa heshima. Kulia na kushoto kwake wajumbe wawili waliokuja kutikisa vichwa, na kazi hiyo waliifanya kwa bidii. Bibi akaachiwa. Mwoka mikate akaachiwa. Kwa kila jina mkuu alisema, "Huyu hana neno, mheshimiwa." Akaingia Kinyozi, na mkewe akasimama mlangoni, mtoto mgongoni.

"Na huyu?" akauliza hakimu.

Mkuu akakohoa. "Huyu hatari, mheshimiwa. Hatari sana."

Kinyozi akageuza shingo kama mtu aliyepigwa kibao na ndugu yake.

"Hatari ya namna gani?"

"Ana jicho la kupima watu. Anapima vichwa."

"Ni kinyozi. Ulitaka apime magoti?"

Wajumbe wakatikisa vichwa. Mkuu akaona maji yamezidi unga, akakoroga tu. "Tena ana silaha."

"Silaha! Humu kambini?"

"Wembe, mheshimiwa. Mkali kweli kweli."

"Anauficha wapi?"

Hapo ndipo ulimi ulipoteleza. "Haufichi. Namtunzia mimi."

Hakimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena kana kwamba tatizo lilikuwa kwenye vioo.

"Unamtunzia silaha adui?"

"Kwenye saraka. Ina kufuli."

"Na humpa lini?"

Jibu lilionekana lenyewe kwa mkuu: chini ya sikio lake la kushoto lilibaki tone la povu, jeupe, bado bichi. Hakimu alilitazama. Wajumbe wakalitazama. Mtoto mgongoni akalinyooshea kidole, akacheka.

"Bwana mkuu," akasema hakimu, "adui huyu amelishika koo lako kila siku tangu vita vianze, na leo umelitumia koo lilo hilo kumsingizia. Kama hiyo ndiyo hatari yake, wangekuwa wengi kama yeye vita vingeisha kesho. Aende kwake."

Mwenye akili angeishia hapo. Mkuu aliwafuata Kinyozi na mkewe hadi ukumbini, kofia mkononi, sauti imeshuka kama ya mkwe anayeomba radhi.

"Mwanangu, tusichukiane. Lala hapa mpaka Jumamosi tu. Si kama mahabusu, kama mgeni wangu."

"Mgeni wa seng'enge?" akasema Kinyozi.

"Basi nenda, lakini uje asubuhi. Mara moja tu! Nakuombeni jamani, ni jenerali huyo!" Alipoona Kinyozi anaanza kulegea, maana kwa asili hakuwa mtu wa kukataa, akamgeukia mke. "Binti yangu, wewe ni mwenzetu, mzalendo. Mwambie mumeo. Taifa zima litaniona gazetini. Sasa nitafanyaje na uso huu?"

Mwanamke alimshusha mtoto mgongoni, akamkabidhi kwa baba yake, kisha akautazama uso ule bila haraka, toka paji hadi kidevuni.

"Fuga ndevu, mzee. Uso kama huo heri ufunikwe."